Kitambaa cha Breki

Mtoto wa mbwa aliingia katika nyumba ya fundi akiwa ndani ya katoni ya sabuni, na kabla hajatolewa humo alikuwa ameshalowesha katoni pamoja na sketi ya binti aliyemleta.

"Mama, usiseme kitu kwanza," alisema binti.

Fundi alikuwa ameshaanza. "Mbwa? Humu ndani? Kwenye vitambaa vya watu? Wewe mtoto, zile dawa unazouza unazionja? Mrudishe ulikomtoa."

"Si wako, Mama. Ni wa Baba."

Baba mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, mkono wa kulia umelala mapajani kama mzigo alioachiwa na msafiri mwenzake. Alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake, na mtaa mzima bado ulimwita Dereva, ingawa tangu kiharusi kimpige hakuwa ameshika hata usukani wa baiskeli. Mguu wa kulia aliuburura. Ulimi nao ulikuwa mzito. Maneno alikuwa nayo yote kichwani, ila yalitoka moja moja, na kati ya neno na neno palikuwa na nafasi ndefu.

Binti aliiinamisha katoni. Kijibwa alitoka, akatazama huku na huku, kisha akatimua mbio moja kwa moja kuelekea kwenye cherehani. Sakafu ile ya saruji fundi aliipiga deki na kuisugua mpaka ikang'aa. Kijibwa alipotaka kusimama hakuweza. Aliteleza kwa makalio, akagonga mguu wa meza, akakaa, na palepale akakojoa.

"Yesu na Maria!" alisema fundi, akakimbilia dekio nje.

Kwa kuwa alikuwa nje, hakumwona mumewe akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, wala hakumsikia akihangaika na neno mpaka akalipata.

"Bre... ki," alisema Dereva. "Huyu... breki... hana."

Binti alipiga makofi. Tangu kiharusi, hakuwa amemsikia baba yake akifanya mzaha. Aliporudi fundi na dekio lake, jina la mbwa lilikuwa limeshapatikana, na hapakuwa na mjadala tena.

Mbwa hakuletwa kwa ajili ya mchezo tu. Kule kliniki kulikuwa na dada wa mazoezi, mwanamke mpole mwenye mikono yenye nguvu, na ndiye aliyewaambia mama na binti maneno ambayo binti aliyashika. Alisema ulimi ni kama mguu. Miezi hii ndiyo ya kuufanyisha kazi. Usipofanya kazi sasa, utazoea kulala, na ukishazoea hauamki tena. "Mwacheni atembee mwenyewe," alisema, "na mwacheni aseme mwenyewe, hata kama chai itapoa." Binti akawaza kwamba mbwa lazima apelekwe uani, na lazima aitwe. Tena mbwa hana haraka ya kumsikiliza mtu.

Haraka ilikuwa ya fundi. Isije ikadhaniwa alikuwa mke mbaya. Ndiye aliyemwogesha mumewe, akamfunga vifungo vya shati, akamkata kucha. Asubuhi kabla hajafungua mlango wa kibanda chake cha kushonea, chumba cha mbele kilichotazama barabara, alipiga magoti pembeni ya kitanda akamwomba Mungu amrudishie mumewe maneno. Aliomba kwa machozi, na alimaanisha. Ila mikono yake ilikuwa ya haraka, macho ya haraka, na ulimi uliizidi mikono. Wateja walisema ukianza kumweleza gauni unalolitaka, hujafika kwenye mikono yeye ameshakata. Ndivyo alivyomfanyia Dereva pia. Mtu alianza neno, yeye akalimaliza. Mara nyingi alipatia. Ndiyo maana hakuona kosa.

"Nataka... ma..."

"Maji. Haya hapa."

Na kweli yalikuwa maji. Dereva aliyanywa.

*

Juu ya Breki, Dereva alikuwa na maoni yake tangu siku ya kwanza. "Mpeleke... nje," alisema. "U... dongo."

"Udongo utaingia ndani, najua," alisema fundi. "Ndiyo maana nimepata njia bora."

Njia hiyo aliipata mezani pake. Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na gunia la mabaki: vipande vya pamba, vya poliesta, mikono iliyokatwa vibaya, bitana za zamani. Aliona kwamba kila Breki alipokojoa sakafuni, yeye alipangusa kwa kipande kutoka katika gunia lile. Sasa kwa nini asubiri? Alikunjua vipande viwili vitatu, akavitandika kwenye kona ya nyuma. Breki alipoanza kuzunguka na kunusanusa, alimnyanyua kwa mbavu akamweka juu ya vile vitambaa. Akamshikilia hapo mpaka akakojoa.

"Hongera! Hongera mwanangu, mtoto mwenye adabu!" Akampa kipande cha mkate.

Breki alikuwa mwepesi kuelewa. Haikupita wiki, alikuwa anakimbilia kona mwenyewe, anakojoa katikati ya kitambaa, kisha anakaa wima na kuutazama mkono wa fundi. Mkate ukitoka, mkia unapiga sakafu. Ukichelewa, anatoa sauti ndogo ya kukumbusha.

Jirani, msusi wa chumba cha pili, alikuja na kitana kimechomekwa kichwani kushuhudia. "Shoga, huyu amemshinda mume wangu. Yule wangu choo anakijua lakini shabaha hana."

"Mlete," alisema fundi bila kuinua macho kwenye mshono. "Vitambaa vipo."

"Na mkate?"

"Mkate utanunua mwenyewe."

Walicheka mpaka Dereva naye akacheka kwenye kiti chake. Siku zile nyumba ilikuwa na furaha. Asubuhi, Dereva alichukua fimbo yake akasimama bila kusaidiwa, kwa sababu Breki alikuwa ameshasimama mlangoni. Walitoka pamoja hadi uani, wakauzunguka mti wa mpapai wa mwenye nyumba, wakarudi. Alipouburura mguu, mbwa alisimama akangoja. Na neno lilipokwama, alingoja vilevile, shingo ameiinamisha upande, sikio moja juu.

"Breki... kaa," alisema Dereva, na mbwa akakaa. "Breki... twende."

Fundi aliwasikia kupitia dirishani, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani, na alimshukuru Mungu. Aliona maombi yake yanajibiwa. Hilo lilikuwa kweli. Maneno yalikuwa yanarudi, moja moja, kama watu wanaorejea kutoka safari ya mbali wakiwa wamechoka.

Lakini uani Dereva aliona kitu ambacho mkewe hakukiona. Breki alinusa udongo, akanusa majani, akazunguka kama anayetaka kujisaidia, kisha akaacha. Akarudi mbio ndani, akapanda kwenye kitambaa, akakojoa hapo. Uwanja wote ule ulikuwa wazi, na yeye akabana mpaka afike kwenye kitambaa. Dereva alilitazama jambo hili siku ya kwanza na ya pili. Siku iliyofuata aliingia ndani, akasimama mbele ya meza ya mkewe na fimbo yake.

Fundi alikuwa anabana pindo la sketi, pini zimejaa mdomoni.

"Kile... kitambaa," alisema Dereva. "Breki... a... naona..."

Angengoja kidogo, angelisikia lote. Mdomo wenyewe ulikuwa umejaa pini. Lakini fundi alizitoa pini zote, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini, ili apate nafasi ya kummalizia mumewe sentensi.

"Anaona kimechafuka. Najua, Baba. Nitakibadilisha sasa hivi."

Dereva alitikisa kichwa. "Si... kuwa... chafu..."

"Si kuwa chafu, kinanuka. Sawa. Ngoja nimalize hili pindo."

Dereva akarudi kwenye kiti chake, na mbwa akaenda kujilaza juu ya viatu vyake.

*

Fundi alikuwa na mpango, na mpango ulikwenda vizuri. Kila baada ya siku chache alikisogeza kitambaa kutoka kona kuelekea mlango wa uani. Kisha akakiweka kizingitini. Kisha nje kabisa, chini ya kamba ya kuanikia. Breki alikifuata kila kilipokwenda. Hapakuwa na hata tone moja sakafuni.

"Amehitimu," fundi alimwambia binti yake. "Sasa anajua nje ni wapi." Akavikusanya vitambaa vyote vya mbwa, akavitupa.

Siku iliyofuata binti alimpeleka baba yake kliniki. Siku hiyohiyo fundi alikuwa na kazi ya mapazia ya nyumba moja ya wageni, kazi kubwa kuliko zote alizopata mwaka ule. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya maziwa, kipana, kizito, kisichoweza kukatwa juu ya meza. Alisogeza kiti cha Dereva, akasogeza meza, akapiga deki upya, akakitandaza sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Alipiga magoti pembeni yake na chaki na rula ndefu ya mbao, akaanza kuchora mistari.

Breki alikuwa uani tangu asubuhi. Alikuwa amezunguka mahali palipokuwa na kitambaa chake, akanusa, akazunguka tena. Akatazama juu kwenye kamba. Kamba ilikuwa tupu. Alirudi mlangoni akalia kidogo.

"Uko nje, baba," fundi alimwambia bila kugeuka. "Nje ndiko huko. Endelea."

Breki alichungulia ndani. Mbele yake kulikuwa na kitambaa kikubwa ambacho mfano wake hajawahi kuuona maishani, kimetandikwa kwa unadhifu, hakina mkunjo. Alikimbia. Alikimbia mpaka katikati kabisa, pale pasipo na chaki, akakojoa kwa muda mrefu. Alipomaliza alikaa wima, akauinua uso wake, akautazama mkono wa fundi.

Mkono ulikuwa na rula.

Alimpiga mara ambazo baadaye hakutaka kuzikumbuka. Mbwa hakukimbia mwanzoni, maana hakuelewa. Alijaribu kuusogelea mkono. Kisha akalia sauti ambayo msusi aliisikia kupitia ukutani akaja mbio, mikono imejaa mafuta ya nywele.

"Shoga! Shoga, ni mtoto huyo!"

"Mtoto gani? Ananiua huyu! Tazama! Tazama kitambaa cha watu!"

Wakati huohuo mlinzi wa yadi ya mbao alikuwa anapita barabarani kwenda kazini. Huyu alikuwa amewahi kumwambia Dereva kwamba anamtamani yule mbwa, yadi yake ina panya na wezi. Fundi alimwona kupitia mlangoni.

"Wewe! Ulikuwa unataka mbwa?"

"Kama yupo, mama."

"Yupo. Mchukue. Mchukue sasa hivi, nisimwone."

Msusi akamshika bega. "Ngoja kwanza. Mwenyewe hayupo. Ngoja Dereva arudi, mshauriane."

"Dereva nitamweleza mimi."

Mlinzi alimbeba Breki kwapani. Mbwa alikuwa anatetemeka, lakini walipofika barabarani aligeuza kichwa, na mkia wake ukajaribu kutikisika mara moja.

Fundi alikiloweka kitambaa kwenye beseni, akakifua kwa maji mengi, akakisuuza, akakianika chini ya jua. Kilikauka mapema. Alikigeuza huku na huku kwenye mwanga akitafuta doa. Hakuliona. Kilikuwa kisafi kama kilivyotoka dukani. Alisimama nacho pale chini ya kamba, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi kwamba amefanya jambo bila kulifikiri mpaka mwisho.

*

Binti aliingia akiwa na furaha ya kumwaga. "Mama, ungekuwepo! Dada wa mazoezi kamuuliza, mzee wangu, nyumbani kuna habari gani? Na Baba kajibu mwenyewe, sentensi nzima! Kasema, 'Nina mbwa, anaitwa Breki, anapenda mkate.' Nzima, Mama! Chumba kizima kikapiga makofi. Baba, mwambie Mama."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, anatabasamu kwa upande mmoja, anaangalia chini ya meza.

"Breki!" aliita. Jina lile lilitoka bila kukwama, safi kabisa.

Fundi akaeleza. Alieleza haraka, kama anavyoeleza mtu anayejua kwamba akipunguza mwendo atasimama. Alieleza kitambaa, nyumba ya wageni, jinsi ambavyo kazi ingeweza kuharibika, jinsi mbwa alivyokuwa amefundishwa akajua vizuri kisha akafanya makusudi. Binti alijifunika mdomo kwa kiganja. Dereva alipita katikati yao, akaburura mguu hadi uani, akatazama chini ya kamba. Akarudi. Akasimama mbele ya mkewe.

"Alikuwa..." alisema. "Alikuwa... ana... tafuta..."

"Alikuwa anatafuta kuniharibia jina! Baada ya yote niliyomfundisha!"

"Mama!" alisema binti. "Mwache amalize!"

Fundi akanyamaza. Lakini Dereva alikuwa ameshafunga mdomo. Alikwenda kukaa kwenye kiti chake, akauweka mkono wa kulia mapajani kwa kutumia wa kushoto, na akatazama ukuta.

Tangu siku hiyo hakusema tena. Hakukasirika kwa namna ambayo mtu angeiona. Alikula alichopewa, aliinua mkono kuvalishwa shati. Fundi alipouliza alitikisa kichwa au kukubali. Asubuhi fimbo ilibaki pembeni ya mlango, maana hapakuwa na aliyemngoja kizingitini. Binti alipompeleka kliniki, dada wa mazoezi aliuliza habari za Breki, na mzee akageuza uso. Waliporudi, binti alimwambia mama yake maneno machache tu.

"Amesema anarudi nyuma, Mama. Amesema tusiache hivi hivi."

Fundi aliomba. Aliomba asubuhi, na mchana pindo likiwa mkononi. Alisema, Bwana, mrudishie maneno, umetuonyesha kwamba unaweza, kwa nini umeyachukua tena? Na siku moja, akiwa bado amepiga magoti, alijisikia aibu kumuuliza Mungu swali ambalo jibu lake alikuwa nalo mwenyewe. Aliinuka, akafunga mlango wa mbele, akaenda yadi ya mbao.

*

Yadi ilikuwa kubwa, ardhi yote imefunikwa vumbi la mbao, marundo yamepangwa kwa ukubwa. Mlinzi alikuwa kwenye kiti langoni, anakula karanga.

"Nimekuja kumchukua mbwa," alisema fundi. "Mume wangu anaumwa kwa ajili yake."

Mlinzi aliacha kutafuna. "Mama yangu. Mbona hukusema mapema? Mbwa hayupo."

"Amekufa?"

"Hapana, hapana, usilie. Nilimpa dereva wa lori, lile lililoleta mbao za juzi. Alimpenda. Akamweka mbele, kwenye kiti cha utingo, wakaondoka."

"Lori linarudi lini?"

"Lile halirudi. Lilikuwa la kukodi, linatoka mbali huko, wala sikumuuliza jina. Nilifikiri umemtupa, mama. Ulisema usimwone."

Fundi alikaa juu ya rundo la mbao bila kukaribishwa. Mlinzi alimwonea huruma, akasema lililomjia.

"Ila yule mbwa wako ana mambo! Siku aliyofika hapa alilia mchana kutwa. Namwambia, haya, yadi yote hii yako, kojoa unapotaka. Hataki. Anazunguka, anabana, anatetemeka, mpaka nikadhani anaumwa. Mimi nikavua koti langu la kazi nikaliweka chini hapo, kwa ajili ya joto. Weee! Akalikimbilia kama mtu aliyeona choo stendi. Akalikojolea lote. Halafu unajua alifanya nini?"

Fundi alijua.

"Akakaa! Amenyooka hivi, ananitazama mkono. Kama mtu anayenidai. Nikamwambia, we mbwa, umenikojolea koti halafu unataka nikupongeze?" Mlinzi alicheka, kisha akaona uso wa mwanamke akaacha kucheka. "Nilimpa karanga," alisema. "Sikumpiga."

Fundi alirudi kwa miguu, njia ndefu. Hapo njiani ndipo alipoliona jambo zima kama linavyoonekana vazi likigeuzwa ndani nje, mishono yote wazi. Hakumfundisha mbwa nje. Hakumfundisha hata siku moja. Alimfundisha kitambaa. Na siku ile mbwa alitafuta kitambaa kila mahali kwa utii, akajizuia kwa utii, na alipokiona kikubwa kuliko vyote akafanya alichoambiwa, na akakaa kusubiri pongezi yake. Na Dereva alikuwa ameliona. Alikuwa amekuja na fimbo yake kulisema, naye fundi akazitoa pini mdomoni ili ammalizie.

*

Alimkuta pale pale alipomwacha. Hakugusa cherehani. Alivuta kigoda akaketi mbele yake, chini kidogo, magoti yao yakikaribiana.

"Breki hayupo tena, Baba," alisema. "Ameondoka na lori. Nimemkosa. Na nimejua sasa. Alikuwa anatafuta kitambaa. Ndicho ulichotaka kuniambia. Nilimfundisha mwenyewe halafu nikampiga kwa sababu ameelewa."

Dereva alimwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Midomo yake ilisogea.

"Wewe..." alisema.

Kisha akaishia hapo. Alimtazama mkewe kwa uvumilivu, kama mtu aliyefika kwenye kizuizi cha barabarani anachokijua, ameshazima injini, anasubiri afunguliwe. Fundi alielewa kwamba anamngoja yeye. Anangoja amalizie. Ndivyo alivyokuwa amefundishwa: neno moja, basi, linalobaki ni la Mama. Hakuwa amekwama. Alikuwa anatii.

Hilo lilimchoma kuliko la mbwa. Alifungua mdomo, akaufunga kwa nguvu. Akangoja. Nje mtu alibisha kwenye mlango wa mbele, akaita "Fundi! Fundi!", akaondoka. Akaendelea kungoja. Lakini Dereva, alipoona hapana kinachokuja, aliinamisha macho, na neno lile la kwanza likabaki peke yake.

Siku kadhaa zilikwenda hivyo. Fundi alikuwa anajifunza kunyamaza, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kujifunza kushona. Alikosea mara nyingi. Alisema "maji" kabla hajaombwa, akajiuma ulimi. Msusi alipoingia na hadithi zake alishangaa. "Shoga, unaumwa jino?" Fundi akasema hapana. "Basi kuna kitu. Wewe kunyamaza ni kama redio kuzimwa, mtu anashtuka." Fundi alicheka kidogo, kwa adabu tu.

Ilikuwa mchana, binti yupo, chakula kimewekwa mezani. Kabla ya ugonjwa ni Dereva aliyekuwa akiomba kabla ya kula. Baada ya ugonjwa fundi alilichukua jukumu hilo bila kuulizwa, na aliomba haraka, kwa sababu chakula kina moto. Siku hiyo aliikunja mikono, akainamisha kichwa, na hakusema kitu. Binti alifungua jicho moja, akamtazama mama yake, akalifunga.

Mvuke ulipanda kutoka kwenye sahani. Ukapungua.

"Nani..." alisema Dereva.

Fundi alibana mikono yake. Alikuwa na namna nyingi za kuimaliza sentensi ile. Nani anaomba leo. Nani anakuja. Nani kafunga mlango. Zilikuja zote mpaka mbele ya meno yake, akazirudisha.

"Nani... ana... m... pa... kula?"

Katika yote aliyokuwa ameyafikiria, hilo halikuwemo.

"Sijui, Baba," alisema. "Kweli sijui."

Dereva aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyetegemea jibu hilo. Binti akasogeza mkono kutaka kuchukua kijiko. Mama yake akaushika ule mkono chini ya meza.

"Basi," alisema Dereva. "Tu... mwo... mbee."

Akaomba. Alimwombea mbwa, kwa jina lake. Alimwombea mwenye lori, afike salama, breki zishike. Kila neno lilichukua muda wake. Katika kila nafasi kati ya neno na neno fundi alisubiri asikie kama atatajwa na yeye. Hakujua angependa atajwe vipi.

Kisha sauti ilikoma. Hapakuwa na amina. Macho ya Dereva yalikuwa bado yamefumba, midomo imefunguka kidogo, na fundi hakuweza kujua kama amemaliza au kuna neno lingine liko njiani. Alikaa vivyo hivyo, kichwa chini, na mkono wa binti yake ndani ya wake, hakuuliza.